Dimbwi la Wafiwa

Mawe yalikuwa safi mno. Veneranda Tluway aliliona hilo kabla hajavua viatu, na angekuwa mtu wa kushtuka, angeshtuka.

Alisimama ukingoni mwa kijito cha Endamur, wavu begani, sinia la kusomea kwapani. Maji yalipita membamba na baridi, kama yapitavyo huku nyanda za juu kila Julai, na chini yake kila jiwe lilikuwa jeupe kama sahani zilizoanikwa uchanjani baada ya harusi. Hapakuwa na ute wa kijani. Hapakuwa na jani lililooza wala kijiti kilichokwama. Mto gani usio na jani?

Ng'ambo ya pili watu wa bonde walikuwa wamekwisha kukusanyika, wamevaa nguo za kanisani. Mzee Amsi, mwenyekiti wao, alikuwa amefunga tai. Walimtazama Veneranda kwa tabasamu la watu waliopika vizuri na sasa wanangoja mgeni aonje. Mmoja tu ndiye aliyekuwa amesimama mbali nao, juu kidogo ya mto, peke yake na ng'ombe wake watatu. Huyo alikuwa Gaudensia, mdogo wake marehemu mama yake Veneranda. Hakutabasamu wala hakupunga mkono.

Veneranda akaingia majini. Akatega wavu, mdomo wake ukielekea kule maji yanakotoka, akasimama mbele yake na kuanza kuyapiga mawe mateke na kuyasugua kwa kisigino, ili kila kilichojishikiza kibanduke na kusombwa hadi wavuni. Kazi hiyo haijabadilika. Siku hizi malori hujiendesha yenyewe na ng'ombe huvaa kola zinazoongea na setilaiti, lakini kutafuta wadudu wa mtoni bado kunataka mtu mzima akubali kulowa.

Alipokimaliza kipande chote kilichowekewa vigingi, akapindua wavu juu ya sinia. Sinia likawaka, likapapasa kila kilichoanguka juu yake, likakitambua kwa umbo na kwa vinasaba. Halikuwa na kazi kubwa. Funza wekundu wachache, wale wasiojali hata wakizaliwa ndani ya karo. Ruba mmoja. Basi. Wale wa mikia mitatu wanaopumua kwa matamvua ya ubavuni hawakuwapo. Wale wanaojijengea vijumba vya mchanga na kutembea navyo mgongoni hawakuwapo pia.

Sinia likaandika neno moja: KIMEKUFA.

"Ee, mpimaji wetu!" Mzee Amsi aliita kutoka ng'ambo. "Unakionaje? Haking'ai?"

"Kinang'aa, mzee."

"Tumekuoshea! Jiwe kwa jiwe! Akina mama kwa mchanga na magunzi, sisi tukiokota majani. Tangazo lilisema unakuja kupima usafi wa kijito, nasi tukasema, anayekuja ni binti yetu, hawezi kukanyaga uchafu wetu. Mgeni njoo, mwenyeji apone!"

Watu wakapiga makofi. Veneranda akatazama mikono yake iliyoshika wavu. Ilikuwa imetulia kabisa.

*

Ni vizuri ieleweke walichokuwa wamefanya, maana wao hawakuelewa.

Sheria ya Vijito ilipitishwa baada ya ile miaka ambayo mito ya nchi ilinyamaza, mmoja baada ya mwingine, na watu wakaanza kununua maji kutoka mbali. Wataalamu walisema maji yenyewe ni shahidi mbaya. Ukiyapima leo yatakuambia habari za leo tu. Mdudu aliyeishi chini ya jiwe mwaka mzima hawezi kudanganya. Kwato zikibomoa kingo, tope huziba nafasi zilizo kati ya mawe, na mwenye matamvua hukosa pumzi. Samadi ikizidi, ute hustawi kupita kiasi na hewa ya majini hupungua. Nyasi za kingoni zikiliwa hadi mizizi, kivuli huondoka na maji hupata joto. Wale wapole huondoka kwanza, kisha wale wa katikati, mpaka wanabaki funza wekundu peke yao wakijiona wafalme. Kwa hiyo sheria ikasema: kijito chenye wadudu wa kila namna, mifugo ibaki. Kijito kilichokufa, mifugo ishushwe.

Kushushwa maana yake malori huja na kuwabeba ng'ombe wote wa bonde hadi nyanda za chini, kwenye joto na mbung'o, kwa miaka saba. Ng'ombe wa huku juu hawaifiki miaka saba huko. Hawafiki hata miwili.

Sheria ilikuwa haijawahi kufika Endamur. Hii ilikuwa mara ya kwanza. Na Endamur, mgeni akitarajiwa, njia yake hufagiliwa kuanzia mlangoni hadi mpakani, hata kama mgeni mwenyewe anakuja kudai mali. Ndivyo walivyolelewa. Walipoambiwa mgeni wa safari hii atapita mtoni, wakafagia mto. Chini ya magunzi yao walisaga kila kilichokuwa hai, huku wakiimba.

Sasa kuhusu kizibo.

Wapimaji wa mwanzo walikuwa watu wa kawaida, nao walishindwa vibaya. Walihongwa, walitishwa, na wengi wao walilia tu. Mtu alikuwa akifika kwenye boma la mjane mwenye ng'ombe mmoja, anaandika kwamba kijito ni kizima. Ndipo kikabuniwa kizibo, kidude cha ukubwa wa punje ya mtama, kinachopandikizwa nyuma ya sikio. Hakimfanyi mtu kuwa mjinga wala mkatili. Unajua kwamba jambo fulani ni la huzuni, kama unavyojua kwamba Jumatano hufuata Jumanne, nalo halikugusi. Na kwa kuwa halikugusi, Mamlaka inayowaajiri wapimaji inaweza kukutuma popote, hata nyumbani kwenu. Tena nyumbani kwenu hasa, kwa kuwa unazijua njia.

Veneranda alikuwa nacho kwa miaka tisa. Mama yake alikufa katika mwaka wa sita.

Aliketi juu ya kingo, miguu ikiwa bado majini, akampigia msimamizi wake mjini. Bi Tumpe alikuwa mwanamke wa maneno machache aliyewahi kuwa mpimaji kabla ya vizibo kuja.

"Wameyaosha mawe," Veneranda alisema. "Kipande chote. Kwa heshima."

"Kwa nini?"

"Kwa heshima, Bi Tumpe. Ili mgeni akute pasafi."

"Usiliandike hilo," Bi Tumpe akasema. "Ukiandika kwamba kijito kimeguswa kabla ya kupimwa, sheria inaita hila. Haiulizi nia. Mwenyekiti anafungwa, na ng'ombe hawashushwi kwa miaka saba, wanachukuliwa moja kwa moja."

"Na nikiyatuma majibu kama yalivyo?"

"Basi ni miaka saba."

"Ambayo ni ileile."

"Ambayo ni ileile," Bi Tumpe alikubali. "Unakijua kipengele cha tatu. Kosa la mpimaji. Ukisema wewe mwenyewe ndiye uliyeiharibu sampuli, kijito kinarudiwa baada ya masika. Lakini mpimaji aliyekosea maana yake kizibo chake hakimtulizi tena, kwa hiyo kinafunguliwa palepale kwa mbali, na kazi imekwisha. Na huo utakuwa uongo, Veneranda. Nakukumbusha tu."

"Nakumbuka."

"Tuliipoteza mito kwa uongo mdogo wa namna hiyo. Kila mpimaji alikuwa na shangazi mahali fulani. Na unajua yaliyompata Mkude."

Alijua. Mkude, mpimaji mwenzake, alifunguliwa kizibo akiwa kituo cha mabasi. Watengenezaji walisema machungu yaliyozuiwa hupotea. Mkude alikaa chini kwenye lami akamlilia mtoto wake, talaka yake, na mbwa mmoja wa zamani ambaye hata jina lake alikuwa amelisahau, vyote kwa pamoja. Alikuwa bado hajainuka vizuri.

"Una mpaka jua litue," Bi Tumpe alisema. "Hapo sinia litatuma lenyewe."

*

Gaudensia hakuja kumsalimu, kwa hiyo Veneranda akamfuata. Alipanda na mto, akavipita vigingi vya mwisho. Ng'ombe watatu walikuwa wamesimama kando ya kigogo kilichochongwa kama mtumbwi mfupi, wakinywa. Mama mdogo wake alikuwa akikijaza maji kwa ndoo, akiyateka kwenye dimbwi dogo lililokuwa chini ya mizizi ya mkuyu, akirudi, akiyateka tena. Alikuwa amezeeka mabega.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Hapo hapo, usisogee zaidi."

Veneranda akasimama. "Kwa nini unawanywesha kwa ndoo? Mto huu hapa."

"Huulizi kwa nini nimesimama peke yangu, unauliza ndoo." Gaudensia akaweka ndoo chini. "Haya, nitakujibu ndoo. Hili ni dimbwi la wafiwa. Umesahau hata hilo? Nyumba yenye msiba huteka maji yake pembeni, na ng'ombe wake hunywa pembeni, na mguu wao haugusi mto, mpaka matanga yaanuliwe. Matanga ya mama yako hayajaanuliwa."

"Miaka mitatu?"

"Miaka mitatu. Sijala arusi ya mtu. Sijashika mkono wa mtu kanisani. Ng'ombe wangu hawajachanganyika na wa wenzao, ndiyo maana ni watatu, dume nitampata wapi?" Hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayetaja vitu vilivyomo ndani ya kabati lake. "Kilio huanza mfiwa, Vene, ndipo wa mbali wakaingia. Tulikaa pale uani, bonde zima, tukakungoja uanze. Mtoto wa pekee wa marehemu. Ukala, ukanawa, ukatuuliza saa ngapi lori linapita. Asubuhi hukuwepo. Nani mwingine angeanza? Mimi?"

Veneranda aliikumbuka siku hiyo vizuri. Alikumbuka makande, na jinsi mtu fulani alivyokuwa akimtazama mdomoni alipokuwa akitafuna. Alikuwa ameona kwamba wanangoja kitu. Aliona pia kwamba lori lingepita saa moja.

"Nilikuwa na kizibo," alisema.

"Sijui kizibo. Najua ulikula."

Ng'ombe mmoja, mwekundu mwenye baka jeupe kwenye paji, akaacha kunywa na kumtazama. Alikuwa mjukuu wa Sikitu, yule ng'ombe aliyelala upande wa pili wa ukuta wa kitanda cha Veneranda utoto wake wote, maana huku ng'ombe hulala ndani ya nyumba pamoja na watu, na joto lao ndilo blanketi la mtoto. Veneranda alijua kwamba hilo lilikuwa jambo la kugusa moyo. Akalipita, akatazama dimbwi.

Mawe yake hayakuwa yameoshwa.

Ilieleweka. Hakuna mtu wa bonde ambaye angeingiza mkono kwenye dimbwi la wafiwa, hata kwa ajili ya mgeni. Yalikuwa meusi ya ute mwembamba, na majani ya mkuyu yamelala kati yake. Akachuchumaa pale pale alipoamriwa kusimama, akanyoosha mkono, akaligeuza jiwe moja la ukingoni.

Chini yake mlikuwa na mji mzima. Wenye mikia mitatu walikimbilia kivulini, matamvua yakipepea ubavuni. Vijumba vya mchanga vilikuwa vimesimama wima, kila kimoja na mwenyewe akichungulia. Kulikuwa na yule bapa mwenye mikia miwili, mpole kuliko wote, ambaye wapimaji wengine hustaafu bila kumwona. Kulikuwa na mtoto wa kereng'ende na sura yake ya hasira. Akageuza jiwe jingine. Ilikuwa vilevile.

Na ng'ombe walikuwa hatua chache kutoka hapo, wakinywa.

Alielewa mara moja, kwa akili ile ya baridi aliyokuwa nayo. Si ng'ombe waliokuwa wakiua kijito. Zilikuwa kwato. Kule kwenye kivuko ambako mifugo yote ya bonde iliingia kunywa, pengine kijito kilikuwa kimeumia kweli; asingeweza kujua, maana ushahidi ulikuwa umesuguliwa. Lakini hapa, ambapo mila ilikataza kwato zisiguse maji, palikuwa na ng'ombe na palikuwa na wadudu wote, na jiwe halikuwa na shida na yeyote. Dimbwi lilikuwa nje ya vigingi. Kwa sheria, halikuwapo.

Akalirudisha jiwe kama lilivyokuwa, upande uleule.

"Umelia lini mara ya mwisho?" Gaudensia aliuliza.

"Miaka tisa."

"Na hujisikii vibaya."

"Sijisikii, mama mdogo."

Hasira ikamtoka Gaudensia usoni, na kilichobaki kilikuwa huruma tupu, ambayo Veneranda aliitambua kama mtu anavyotambua maandishi ya lugha asiyoisema. "Maskini mwanangu," mama mdogo akasema. "Wamekutoa utumbo wakakuacha umesimama."

*

Aliwaambia watu wa bonde. Hakuona sababu ya kutowaambia. Alisimama mbele ya nguo zao za kanisani, akaeleza wadudu ni nini, na magunzi yalifanya nini, na sinia limeandika nini.

Mama mmoja aliyekuwa ameloa hadi magotini akatazama viganja vyake. Mzee Amsi alifungua tai polepole, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Kumbe tumekiua kijito kwa kukiogesha," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Na wewe binti yetu, utasema tumekiogesha?"

"Nikisema hivyo, watakufunga."

"Mimi nifungwe, ng'ombe wabaki? Hilo tunaweza kulizungumza."

"Hapana. Ufungwe, na ng'ombe wachukuliwe."

"Ah." Mzee akatikisa kichwa. "Sheria yenu hiyo, mzee akijikwaa inamkata mguu." Akawageukia watu wake, akasema kitu kwa lugha ya nyumbani, nao wakaanza kuondoka kimyakimya, mmoja mmoja, kwenda kuwatazama ng'ombe wao. Alipobaki peke yake akamrudia Veneranda. "Usijisumbue na sisi. Umetumwa. Aliyetumwa hana kosa. Umekula?"

Hilo ndilo lililomkwama. Halikumchoma, hakuwa na pa kuchomwa, lilimkwama tu kama jani kwenye wavu. Mzee anakwenda kuwapoteza ng'ombe wake wote, na anauliza kama mgeni amekula.

Akaketi ukingoni na sinia mapajani, akalipima jambo lile kama alivyopima mito. Majibu ya sinia yalikuwa sahihi, na yalikuwa ya uongo. Sahihi kwa sababu funza wekundu ndio waliokuwamo. Ya uongo kwa sababu yalisema ng'ombe ndio waliofanya hivyo. Kizibo kiliwekwa ili moyo usije ukaupinda ukweli. Vizuri. Hapa moyo haukuwapo kabisa, ungeweza kukagua na kukagua usiuone, na ukweli ulikuwa umepinda vilevile. Bi Tumpe angesema: kila mpimaji ana shangazi. Lakini Veneranda hakuwa akimhurumia mtu. Alijichunguza kwa makini kuhusu hilo, kama mtu anayekagua nguo kabla ya kuifua. Hakukuwa na huruma mfukoni. Kulikuwa na swali tu: kijito hiki ni kizima au kimekufa? Na jibu lilikuwa: bado hatujui, rudini baada ya masika.

Hilo ndilo jibu pekee la kweli, na mlango pekee wa kulifikia ulikuwa wa uongo.

Bei yake aliijua. Ila aliijua kama mtu anayesimuliwa baridi ya mahali asikowahi kufika. Ilimjia pia kwamba hii huenda ndiyo hila kubwa ya kizibo: kinakuwezesha kukitoa bila kuogopa.

Jua lilikuwa limeshika mgongo wa kilima alipompigia Bi Tumpe.

"Kosa la mpimaji," alisema. "Nilikikanyaga kipande chote kabla ya kutega wavu. Nilikitibua. Sampuli haifai."

"Veneranda."

"Liandike hivyo. Na waambie watakaorudi, wapige vigingi vyao juu zaidi, vifike kwenye mkuyu. Na kabla ya hapo bonde lichonge magogo, ng'ombe wanyweshwe nje ya mto."

"Unanisikia nikikuuliza kama una uhakika?"

"Nakusikia."

Sauti ya Bi Tumpe sasa ilikuwa ya yule mpimaji wa zamani aliyelia kwenye maboma ya wajane. "Basi kaa chini. Usiwe umesimama, na usiwe peke yako. Nakifungua kabla jua halijatua. Pole, mwanangu."

*

Alipanda hadi kwenye mkuyu. Gaudensia alikuwa akiwakusanya ng'ombe wake watatu.

"Naweza kukaa hapo?" Veneranda aliuliza, akionyesha dimbwi. "Mimi pia ni mfiwa."

Mama mdogo akamtazama, akamsogezea ndoo iliyopinduliwa. Veneranda akaketi, akatumbukiza miguu majini taratibu, akiangalia asikanyage jiwe.

Kwanza halikutokea lolote. Mwanga ulikuwa wa manjano juu ya maji, na inzi mmoja mwembamba, mwenye mikia mitatu na mabawa kama kioo, alikuwa ametoka majini na kukaa juu ya mzizi akijikausha. Mdudu huyo huishi mwaka mzima chini ya jiwe na siku moja tu hewani.

Kisha miguu ikamuuma.

Baridi ya maji, ambayo alikuwa amesimama ndani yake asubuhi bila kuijali, ilipanda kutoka nyayo hadi magotini kwa mkupuo mmoja, akavuta pumzi kwa nguvu. "Maji ni baridi," alisema kwa mshangao. "Mama mdogo, maji ni baridi sana."

"Ni Julai," Gaudensia alisema.

Yule ng'ombe mwekundu akapumua karibu na sikio lake. Ile pumzi ya moto yenye harufu ya majani yaliyotafunwa, ilikuwa harufu ya ukuta wa kitanda chake, na upande wa pili wa kitanda kile kulikuwa na mama yake akikohoa gizani na kusema, lala, Vene, lala, ni Sikitu tu anajigeuza. Alimwona mama yake. Alimwona kwenye jeneza, kitambaa cha bluu kichwani kimefungwa vibaya kwa sababu waliomfunga hawakujua alivyopenda kukifunga, na yeye Veneranda, ambaye alijua, alikuwa amesimama hapo hapo na mikono yake miwili mizima, na hakukifunga upya.

"Kitambaa," akasema. "Mama mdogo, kitambaa chake, mimi nili—"

Hakumaliza. Kilichotoka hakikuwa kilio cha mtu mzima. Kilimtoka tumboni, kibaya, cha sauti ya juu, kikamkunja mpaka paji lake likagusa magoti. Alililia kitambaa. Alililia makande aliyoyala. Aliwalilia wajane wote aliowaandikia neno moja na kuondoka, kila boma, kila lori, na kila mmoja sasa alikuwa na sura. Alidhani atakufa, na alitaka mama yake.

Gaudensia akavuka ile mipaka yake yote ya miaka mitatu. Akaingia dimbwini na kanga zake, akamshika kichwa, akakibana kifuani. Na bila kumwachia aligeuza uso kuelekea bondeni, ambako moshi wa jioni ulikuwa umeanza kupanda juu ya nyumba, na watu walikuwa wamesimama milangoni wakisikiliza, maana sauti ile ilikuwa imefika.

"Njooni!" aliita. Sauti yake ilipasuka. "Njooni jamani! Mfiwa ameanza!"

Wakaja. Walishuka kwa kila kijia, wengine wakikimbia, wengine wakiwa wameshaanza kulia wakiwa njiani, kama inavyotakiwa. Mzee Amsi alifika wa kwanza pamoja na uzee wake. Alivua viatu akitaka kuingia, mguu mmoja ukawa hewani juu ya maji, kisha akakumbuka wale walio chini ya mawe. Akaurudisha. Akapiga magoti pale kwenye nyasi za ukingoni, akanyoosha mkono tu mpaka ukamfikia Veneranda begani, na wenzake wakapiga magoti nyuma yake, bonde zima, bila yeyote kati yao kukanyaga jiwe.